Bushi Kwanza, Alaimenti Baadaye

Swali hili hunifikia kila wiki, kwa maneno tofauti lakini maana ni ile ile. "Nimefanya alaimenti mara mbili mwezi huu na gari bado linavuta kushoto. Nimeibiwa?" Mwingine analalamika kwamba tairi mpya zimeliwa upande wa ndani kabla ya kumaliza miezi mitatu. Mwingine alibadilishiwa bushi, akafurahi, na baada ya nusu mwaka ule mlio ukarudi: ngo, ngo, ngo, kila akipita tuta.

Wengi wenu mnaendesha gari ndogo zilizotoka Japani zikiwa zimeshatumika: Vitz, IST, Probox, Premio, Noah. Ni gari nzuri. Lakini zilitengenezewa lami ya kule, nasi tunazipitisha kwenye matuta, kwenye mashimo ya mitaa ya ndani na kwenye vumbi la kwenda shamba, tena zikiwa zimejaa watu na mizigo. Anayeumia wa kwanza ni mpira wa bushi. Nimeamua kuandika yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe inavyopaswa kwenda, ili ukienda gereji ujue unachokitaka na ujue cha kukataa.

Kwanza ishike mkononi

Ukipata nafasi, mwombe fundi akupe bushi ya zamani uishike. Ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa la chuma, na katikati yake kuna mpira uliogandishwa kwenye vyuma vyote viwili. Haujatiwa tu pale, umeshikana na chuma kabisa. Bolti hupita kwenye bomba la ndani na kulibana lisizunguke. Bomba la nje limekazwa ndani ya mkono wa chini, ule ambao mafundi wengi huuita wishiboni. Gari likipanda na kushuka, mkono unainuka na kushuka, na kinachojipinda ni mpira peke yake. Hakuna chuma kinachosuguana na chuma, ndiyo maana bushi nzima haina mlio na haihitaji grisi.

Kumbuka neno hilo, "unajipinda". Nitalirudia mbele, kwa sababu ndilo linaloua bushi nyingi mpya nchini.

Dalili za bushi iliyokufa

- Mlio mzito wa kugonga chini ya miguu yako ukipita tuta au shimo kwa mwendo mdogo.
- Ukishika breki gari linachepuka kidogo, na ukiachia linarudi.
- Kwenye barabara kuu usukani unataka kusahihishwa kila wakati, kana kwamba gari linaelea.
- Tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani hata baada ya alaimenti.
- Ukiondoka kwa kukanyaga mafuta unasikia "ko" moja, na ukifunga breki "ko" nyingine.

Ila usikimbilie kununua bushi kwa sababu ya mlio. Mlio mwembamba wa haraka haraka kwenye barabara ya changarawe mara nyingi ni stabilaiza linki, na hiyo ni spea ya bei ndogo. Mlio wa ka-ka-ka ukikata kona kali ni sivijointi. Mlio wa kugonga au mkwaruzo unaotoka juu, karibu na boneti, unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, mara nyingi ni mauntingi ya shokapu. Na usukani unaotetemeka kuanzia kilomita 80 au 90 kwa saa, ukatulia ukipunguza mwendo, hiyo ni balansi ya tairi, wala si alaimenti. Hapa watu wengi hulipia kitu kisichohusika kabisa.

Jinsi ya kuhakikisha

Kuna vipimo viwili ambavyo unaweza kuviona kwa macho yako mwenyewe.

Cha kwanza, tafuta uwanja ulio sawa. Wewe kaa kwenye usukani, mwenzako asimame pembeni ya gari, si mbele wala nyuma, aangalie tairi la mbele ndani ya matigadi. Kanyaga breki, weka gia ya kwenda mbele, achia breki kidogo sana mpaka gari litake kuondoka, kisha shika tena. Fanya vivyo hivyo kwa rivasi. Tairi likisogea mbele na nyuma ndani ya uwazi wake, bushi ya nyuma ya mkono imechoka.

Cha pili kinahitaji jeki na mtarimbo mdogo. Gari likiwa juu ya stendi, fundi anaingiza ncha ya mtarimbo kati ya mkono na fremu na kuusukuma taratibu. Mpira mzima unasogea kidogo na kurudi. Mpira uliokufa utauona ukiachana na chuma, mpasuko ukifunguka kama mdomo, au bomba la ndani likigusa la nje. Nyufa ndogo za juu juu si hukumu ya kifo. Gari lolote la miaka kumi na tano litakuwa nazo. Mpasuko unaozunguka na kuingia ndani, huo ndio wa kuogopa.

Fundi akikwambia "bosi, bushi zote zimekwisha" bila kukuonyesha hata moja, mwambie akuonyeshe. Fundi mzuri hatachukia. Atakuita chini ya gari na tochi.

Bushi peke yake au mkono mzima?

Hili nalo mnaliuliza sana, na jibu langu limebadilika kwa miaka. Zamani niliwaambia watu wote wanunue bushi tu. Siku hizi naangalia mambo matatu: boljointi iko vipi, mkono wenyewe umepinda au umeliwa na kutu, na kuna presi ya kuaminika karibu. Kama boljointi nayo ina uchezaji na haitoki kwenye mkono, nunua mkono mzima uliokamilika. Kama boljointi ni nzima, mkono umenyooka na presi ipo, bushi zinatosha.

Mkono wa mtumba kutoka Japani? Unakubalika tu kama unaununua kwa ajili ya chuma chake, ukijua bushi zake ni za umri ule ule na za kwako. Nimeona watu wakitoa bushi iliyochoka na kuweka mkono wenye bushi iliyochoka zaidi, kwa sababu ulipakwa rangi nyeusi ukang'aa.

Na badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Najua upande mmoja ndio unaogonga. Lakini bushi mpya kushoto na iliyolegea kulia hufanya kila tairi liitikie breki kivyake, na alaimenti utakayolipia itapimwa juu ya upande mmoja ulio imara na mwingine unaoyumba. Upande wa pili nao ukifa baada ya miezi michache utalipa kazi tena, utalipa na alaimenti tena.

Kununua spea bila kujuta

Usiende dukani ukasema "nipe bushi za IST". Chukua namba ya chesesi. IST ya injini ya 1.3 ni NCP60, ya 1.5 ni NCP61, na ile ya magurudumu manne ni NCP65. Probox nayo ina NCP50 na NCP51. Muuzaji anayejua kazi ataingiza namba hiyo na kukupa namba ya spea. Asiyejua atapima kwa jicho, na milimita moja ya kipenyo inatosha kuharibu kila kitu: bushi ndogo itatoka njiani, bushi kubwa itapasua sehemu yake.

Ukiwa Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, fanya hivi kabla hujatoa hela:

- Beba bushi ya zamani au picha yake yenye rula pembeni.
- Bonyeza mpira kwa ukucha. Mpira mzuri unarudi. Mpira mbaya unabaki na alama, au ni mgumu kama plastiki.
- Angalia mahali mpira unapokutana na chuma. Ukiona uwazi au gundi iliyomwagika, rudisha.
- Usiamini boksi. Majina yanayoaminika ndiyo yanayoigwa, na boksi ni rahisi kuigwa kuliko mpira.
- Kubaliana na muuzaji juu ya kurudisha kama haitaingia, na uandikiwe kwenye risiti.

Zipo pia bushi za kuchonga, zinazokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Nawaheshimu mafundi wanaozichonga, ni kazi ya mikono hodari, na zimewatoa watu wengi porini. Lakini mpira ule haujashikana na chuma. Badala ya kujipinda unasuguana, na baada ya muda mfupi unalegea. Itumie kufika mjini, kisha itoe.

Zile ngumu za rangi nyekundu au njano, za poliyurethani, zina kazi yake. Zinadumu na zinaufanya usukani uwe makini. Lakini zinapeleka kila jiwe la barabara mpaka kwenye kiti chako, na nyingi zinataka grisi maalumu ya silikoni, zikikosa zinalia. Kwa gari la familia linalopita njia mbaya kila siku, mimi nachagua mpira.

Kabla ya kuinua gari

1. Paki mahali pagumu na pa sawa. Weka mawe au magogo kwenye tairi za nyuma na uvute handibreki.
2. Chukua futi na upime kutoka katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa matigadi, kila upande. Andika. Tuseme umepata sentimita 36. Namba hii utaihitaji sana baadaye.
3. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini.
4. Inua, kisha weka stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama fundi wako ameingia kwa miaka ishirini bila kuumia.

Kutoa na kuingiza

Kabla bushi haijatoka, weka alama. Bushi kubwa ya nyuma ya mkono mara nyingi ina matundu mawili kwenye mpira, na matundu hayo yana upande wake. Yamewekwa pale ili mpira uwe laini kuelekea upande mmoja na mgumu kuelekea mwingine. Ukiingiza bushi ikiwa imezunguka robo, gari litaendeshwa kama la mtu mwingine, na hakuna mashine ya alaimenti itakayoliona kosa hilo. Chora mstari wa rangi kwenye mkono, au piga picha kwa simu. Pima pia bushi ilikuwa imeingia kina gani, ili mpya iishie pale pale.

Kazi ya kutoa ni ya presi. Chini ya mkono linawekwa bomba pana linaloshika ukingo, juu linawekwa bomba jembamba kidogo kuliko bushi, linalokaa kwenye chuma cha nje. Ukibonyeza kwenye mpira unaurarua. Kama mkono ni wa bati lililokunjwa, lazima kiwekwe kipande cha chuma katikati ya kuta zake, la sivyo presi itazikunja kama kopo. Simama uangalie hatua hii. Presi ikianza kubana hakuna kinachoonekana, kisha ghafla bushi inaachia kwa mlio kama wa bunduki na vumbi jekundu la kutu linamwagika mezani. Weka uso mbali.

Tundu likishabaki wazi lisuguliwe kwa msasa mpaka kutu iishe, hasa ukingoni. Bushi mpya ipakwe maji ya sabuni kwa nje, iwekwe wima, ibonyezwe taratibu. Ikianza kuingia upande, simamisha, toa, anza upya.

Mambo ya kukataa hapa:

- Nyundo. Bushi inayopigwa nyundo inaingia imepinda, na ukingo wake umebonyea.
- Moto. Kuchoma mpira ili bushi itoke kunatoa moshi wenye sumu, kunaunguza kifuniko cha boljointi, na kunaweza kuupinda mkono wa bati.
- Oili au grisi ya kawaida kwenye mpira. Inauvimbisha mpira na kuuozesha. Maji ya sabuni yanatosha.
- Kurudisha nati za kujifunga na pini za zamani. Ni vitu vya bei ndogo. Pini ya boljointi ikikatika, tairi linalala barabarani.

Kukaza bolti: hapa ndipo pesa zinapopotea

Mwaka 2019 nilibadilisha bushi za mikono yote miwili kwenye Probox yangu, katika karakana moja yenye vifaa vyote na mafundi wasafi. Spea niliinunua mwenyewe, ilikuwa nzuri. Baada ya miezi mitano ule mlio ulirudi. Nilipoitoa bushi ya kushoto nilikuta mpira umechanika kwa mviringo mzuri, kana kwamba umekatwa kwa kisu. Niliwaza kwamba nimeuziwa bandia. Sikuwa nimeuziwa bandia. Bolti zilikuwa zimekazwa gari likiwa juu, tairi zikining'inia.

Fikiria kile kitu ulichokishika mwanzoni. Gari likiwa juu ya lifti, mkono unaning'inia chini kabisa. Ukikaza bolti hapo, bomba la ndani linabanwa katika hali hiyo, na mpira unaihesabu hiyo kuwa ndiyo hali yake ya kupumzika. Gari likishushwa, mkono unapanda na mpira unajipinda, na unabaki umejipinda usiku na mchana, hata ukiwa umelala na gari limepaki. Kila tuta linaongeza msokoto juu ya msokoto. Utadumu miezi badala ya miaka.

Namna sahihi ni kuingiza bolti zote na kuzikaza kwa mkono tu, zishike bila kubana. Kisha uzito wa gari uurudishe mkono mahali pake, ndipo bolti zikazwe. Njia ziko tatu:

- Gari lishushwe juu ya shimo la gereji, tairi zikiwa chini, fundi akaze akiwa ndani ya shimo.
- Au tairi zote ziwe juu ya lifti ya kupandisha kwa matairi, ile ambayo mashine za alaimenti hutumia.
- Au, kwa asiye na shimo wala lifti, weka jeki chini ya mkono karibu na boljointi na uinue taratibu mpaka kipimo kutoka katikati ya habu hadi matigadi kirudi kwenye ile sentimita 36 uliyoandika. Gari liwe bado juu ya stendi. Kaza hapo.

Ukumbuke kwamba hii inahusu bolti zinazopita ndani ya bushi za aina hii. Nati ya boljointi na bolti za breki zinakazwa kawaida. Tumia spana ya kipimo kama ipo, kwa kiwango kilicho kwenye kitabu cha gari lako. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi ni newtonmita 103, nguvu ambayo mtu mzima anaifikia kwa spana ya kawaida bila kuirukia kwa miguu.

Huu ndio mstari wa kumwambia fundi kabla kazi haijaanza: "Fundi, bolti za wishiboni tutazikaza gari likiwa chini." Akikwambia haina shida, mwambie kwa upole kwamba wewe unataka hivyo, na usiondoke. Mafundi wengi wanalijua jambo hili. Wanaliruka kwa sababu foleni ni ndefu na mteja hajaliuliza.

Sasa alaimenti

Endesha gari kilomita chache kwanza ili mipira ikae. Usikae wiki tatu, lakini usitoke gereji ukaingia moja kwa moja kwenye mashine.

Kwa nini kuna haraka? Tairi la mbele likielekea pembeni kwa nusu digrii tu, kila kilomita moja linaburutwa upande karibu mita 9. Kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, safari ya kilomita 190 hivi, tairi hilo limesuguliwa kwa upande zaidi ya kilomita moja na nusu. Huhitaji kuambiwa raba imeenda wapi.

Kabla ya kupimwa, hakikisha haya:

- Upepo wa tairi uko sawa na kibandiko cha mlango wa dereva. Kibandiko cha Japani huandika kwa kPa: 220 ni kama psi 32, na 230 ni kama psi 33.
- Tairi za mbele ni za ukubwa mmoja na zimechakaa kwa kulingana.
- Tairodi, boljointi na beringi hazina uchezaji. Fundi wa alaimenti anayeanza kupima bila kutikisa tairi hata moja, muulize kwa nini.
- Buti halina magunia ya mchele. Uzito unabadilisha vipimo.

Vipimo ni vitatu. Cha kwanza ni mwelekeo wa tairi mbili kuangalia ndani au nje zikitazamwa kutoka juu, na ndicho kinachokula tairi haraka. Cha pili ni kemba, yaani tairi kuegemea ndani au nje likitazamwa kutoka mbele. Cha tatu ni kasta, kinachohusu usukani kurudi wenyewe baada ya kona. Kwenye gari nyingi ndogo za Toyota, kinachorekebishika mbele bila kuongeza kitu ni kile cha kwanza tu, kupitia tairodi. Kwa hiyo kemba ikiwa nje ya kiwango, kuna kilichopinda au kilichochoka: mkono, shokapu, fremu iliyogongwa, au bushi ambayo hukuibadilisha.

Hapo ndipo majaribu yanapoingia. Wapo watakaotaka kuvuta mkono kwa mnyororo, au kupanua tundu la shokapu kwa tupa ili tairi lisimame. Kataa. Tundu lililopanuliwa litasogea siku utakayopiga shimo kwa kasi. Kama ni lazima kurekebisha kemba, zipo bolti maalumu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Simama karibu na mashine

Muombe fundi karatasi mbili, ya kabla na ya baada. Hii ni haki yako, umeilipia. Kuisoma si kazi kubwa: namba zimeandikwa kwa digrii na dakika, na dakika 60 ni digrii moja. Kijani maana yake iko ndani ya kiwango, nyekundu iko nje. Kisha linganisha kushoto na kulia. Kemba ya pande mbili ikitofautiana kwa zaidi ya nusu digrii, gari litavuta kuelekea upande ambao tairi limeegemea nje zaidi, hata kama kila namba ni ya kijani.

Angalia pia gari gani limechaguliwa kwenye skrini. Mashine nyingi zina orodha ya gari za Ulaya na Marekani, na gari lako halimo kwa jina la Japani. Vitz iliuzwa nje kwa jina la Yaris. IST ya kwanza iliuzwa Marekani kama Scion xA. Fundi akichagua Corolla kwa sababu "zote Toyota", kijani unachokiona ni cha gari la jirani.

Mpangilio mzuri wa kazi ni huu: usukani unanyooshwa na kufungwa usisogee, magurudumu ya nyuma yanapimwa kwanza, kisha ya mbele yanarekebishwa kwa tairodi za pande zote mbili. Akizungusha upande mmoja tu, usukani utatoka umepinda. Na akikwambia ataunyoosha kwa kuuchomoa usukani na kuurudisha, mkatalie. Pale ndani kuna eabegi na nyaya zake, na kwenye gari nyingi kuna sensa ya pembe ya usukani. Kinachopaswa kurekebishwa ni tairodi.

Mwisho aangalie kwamba vifuniko vya mpira vya raki ya usukani havikujisokota, na nati za kufungia tairodi zimekazwa.

"Sina mashine karibu. Alaimenti ya kamba je?"

Inafaa, kwa kipimo kimoja tu, ule mwelekeo wa ndani au nje. Fundi mwenye subira, uwanja ulio sawa, kamba zilizovutwa sambamba pande zote mbili za gari na rula yenye milimita vinaweza kukupa kazi nzuri kuliko mashine ya kisasa ambayo haijasawazishwa kwa miaka. Haikupi kemba wala kasta. Nimeikubali nikiwa mbali na mji, na nikirudi napima kwenye mashine.

"Bado linavuta kushoto!"

Tunaendesha upande wa kushoto, na barabara nyingi zimeinamishwa kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yatoke. Gari zima kabisa litateleza kushoto polepole ukiachia usukani. Jaribu kwenye uwanja mpana au barabara isiyoinama kabla hujalalamika.

Likivuta hata hapo, badilishana tairi za mbele, ya kushoto iende kulia, isipokuwa kama zina mshale wa upande wa kuzunguka. Mvuto ukihama upande, tatizo ni tairi. Usipohama, gusa rimu kwa tahadhari baada ya safari fupi. Iliyo ya moto kuliko mwenzake inakwambia kuna breki inayokwama. Mvuto ukibaki palepale na rimu zote zina joto sawa, rudi kwenye karatasi yako ya vipimo na ulinganishe kushoto na kulia.

Baada ya kilomita 1,000

Weka karatasi ya alaimenti kwenye droo ya gari, imeandikwa kilomita za siku hiyo. Zikitimia 1,000, paki kivulini, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi la mbele kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Ukiteleza sawasawa kote kuwili, kazi ilifanyika. Ukihisi makali kama meno ya msumeno upande mmoja tu wa kupitisha, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo ukiwa na karatasi yako, tairi likiwa bado na raba ya kuokoa.